Mwanangu, kuhusu yule mchoraji wa jogoo

Mwanangu mpenzi,

Ama baada ya salamu, sisi huku Tanga hatujambo, ila vuli imechelewa na baba yako anagombana na kisima. Ujumbe wako tumeupata. Umeandika kwamba huko Llanelli, Wales, uliingia makumbusho ya Parc Howard, ukaona sahani yenye jogoo aliyechorwa kwa mkono, ukaambiwa ni kazi ya mwanamke wa kiwanda cha zamani cha vyombo vya udongo. Sasa unaniuliza: yule mama alikula kwa brashi yake? Maana na wewe unataka kupunguza zamu za hospitali, uchore vikombe uwauzie watalii.

Alikula, lakini kwa shida. Jogoo wale husemwa ni wa Sarah Jane Roberts, ambaye mji mzima ulimwita Auntie Sal, kama sisi tunavyomwita mtu shangazi hata kama si wa damu. Kiwanda alichofanyia kazi kilianza karibu na mwaka 1840, Malkia Victoria akiwa bado mgeni kwenye kiti, na kilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1920. Usishangae kwa nini kiliwekwa hapo. Udongo mweupe wa kufinyangia hawakuwa nao, uliletwa kwa merikebu kutoka Devon na Cornwall. Lakini makaa ya mawe walikuwa nayo chini ya miguu, na tanuri hula makaa kwa tani nyingi kuliko udongo linaouchoma. Kwa hiyo udongo uliyafuata makaa, na wasichana wa mji wakafuata kazi.

Ukirudi pale, mwangalie vizuri yule jogoo. Mkia wake ni mipigo michache tu ya brashi, haikurudiwa wala haikusawazishwa. Watu wa makumbusho watakuambia ni uhuru wa mkono. Mimi niliyefundisha uchoraji maisha yangu yote naona pia mshahara. Katika viwanda vya vyombo vya wakati ule mchoraji alilipwa kwa dazeni, na mtu wa dazeni hana muda wa kuchora unyoya mmoja mmoja. Mkono hujifunza njia fupi kuliko zote, na ikitokea mwenye mkono ana kipaji, njia ile fupi inapendeza hivyo ulivyoona.

Wafinyanzi wengine walikuwa na taabu zaidi, kwa sababu walihesabiwa vile tu vilivyotoka salama kwenye tanuri. Chombo kikipasuka ndani, hata kama kosa ni la mchochea moto, hasara ni ya aliyekifinyanga. Na huko Staffordshire, Uingereza, kwenye viwanda vikubwa, wachoraji wanaume waliwakataza katakata wanawake wasitumie kile kibao cha kuegemezea mkono, wala wasiguse kazi ya dhahabu. Hebu jaribu kuchora ua dogo kwenye ukingo wa kisosi siku nzima mkono ukining'inia hewani. Kisha wakasema wanawake hawawezi kazi ngumu! Hapo huwa nacheka, ingawa si cha kuchekesha.

Risasi nayo, ile ya madini yenye sumu. Ilikuwa ndani ya rangi na ndani ya ule utando wa kioo unaong'arisha chombo, ikaingia mwilini kwa vumbi na kwa vidole. Wanawake walipooza mikono, mimba zikatoka. Serikali iliajiri wakaguzi wanawake wa viwanda kwa mara ya kwanza mwaka 1893, na ndipo mambo hayo yalipoanza kuandikwa kwa ukali. Wewe ni muuguzi, najua utanunua rangi zisizo na risasi bila kuambiwa, lakini nakuambia.

Kulikuwa na kundi lingine, mabibi wa nyumba nzuri. Wao walinunua kauri nyeupe iliyokwisha kuchomwa, wakachora maua mezani kwao, kisha wakaipeleka kwa mwenye tanuri awachomee kwa malipo. Duka la Howell & James la London lilianza kuwafanyia maonyesho mwaka 1876, na medali zikatolewa. Binti asiye na mume wala urithi aliweza kuuza pale bila kuitwa mfanyakazi, jambo lililokuwa aibu kwa tabaka lake. Rangi zao zilikuwa unga wa madini, zikasagwa kwa tapentaini, na wengine waliongeza mafuta ya karafuu ili zisikauke haraka. Karafuu ya dunia wakati huo ilitoka zaidi Unguja na Pemba, na hadi utumwa ulipoondolewa kisheria kule mwaka 1897 walioichuma wengi wao walikuwa watumwa. Kwa hiyo usidhani pwani yetu haikuwamo katika vikombe vile.

Sasa swali lako. Angalia nani aliyebaki na pesa katika habari hizi zote: mwenye tanuri na mwenye kupanga bei. Auntie Sal hakuwa na lolote kati ya hayo mawili, na leo sahani zake zinatafutwa na wakusanyaji vitu vya kale. Mkono wako naujua, hauna tatizo. Ninachotaka kujua ni nani atakuchomea hivyo vikombe, kwa bei gani kila mara, na vikiharibika hasara ni ya nani. Na duka la watalii litachukua ngapi katika kila kikombe? Ukinijibu hayo kwa namba, nitakuambia upunguze zamu ngapi. Kabla ya hapo usimwambie msimamizi wako chochote.

Jambo jingine: jina lako liandike chini ya kila kikombe, kabla hakijachomwa. Kule kiwanda cha Doulton, Lambeth, London, wachoraji wanawake waliweka alama zao, ndiyo maana leo Hannah Barlow anajulikana. Maelfu ya wenzake kwingineko hawajulikani.

Ile sahani ya bibi yako iliyokuwa kwenye kidaka, uliyoiuliza mwishoni, haikutoka huko kwenu. Nimeigeuza leo, chapa yake ni ya Maastricht, Uholanzi, kama nyingi zilizoletwa pwani. Ina ufa, lakini haijaachia. Shangazi yako anaitaka, nimemwambia ni yako.

Baba yako anauliza kama huko kuna baridi tayari. Tuma na picha ya mgongo wa ile sahani ya jogoo, kama watakuruhusu kuigeuza.

Mama yako