Bega linateguka, vipimo viko safi: jibu kwa dada aliyeuliza

Dada, umeeleza kwamba bega lako huteguka hata unapovuta shuka usiku, ilhali vipimo vya damu na picha za eksirei havionyeshi kitu, na unauliza kama maumivu haya ni ya kufikirika. Sivyo. Mimi ni daktari ninayewatibu wenye Ehlers-Danlos, nami ninao ugonjwa huo huo wa tishu unganishi, yaani tishu zinazoshikilia viungo, ngozi na mishipa. Kidole gumba changu hutoka mahali pake ninapofungua chupa ya dawa.

Aina ya ugonjwa huu yenye viungo vilegevu, ambayo huenda ndiyo yako, bado haina kipimo cha jeni, kwa hiyo vipimo safi haviikanushi. Omba upimwe kwa alama za Beighton, zinazopima jinsi viungo vinavyopinda kupita kiasi, ambazo jumla yake ni 9. Ili aonekane ana aina hii, mtu mzima asiyezidi miaka 50 anahitaji angalau 5, pamoja na vigezo vingine, kama vile dalili nyingine au historia ya familia.

Acha kuwaonyesha watu jinsi unavyojipinda (nilifanya hivyo shuleni, na ninajuta). Mtafute mtaalamu wa fiziotherapia anayevijua viungo vya namna hii, akuanzishie mazoezi mepesi ya kuimarisha misuli inayoshikilia bega. Lakini mwili wangu usiwe kipimo cha wako: hata wagonjwa wangu ninawaonya hivyo.

Ikiwa katika ukoo wenu kuna aliyepasukiwa na mshipa mkubwa wa damu au utumbo, uliza kuhusu kupimwa jeni la COL3A1, linalohusika na aina ya Ehlers-Danlos inayodhoofisha mishipa ya damu, na maumivu makali ya ghafla ya kifua au tumbo yakupeleke hospitali saa hiyo hiyo.