Jibu: Risasi za 5.56 kwenye mtutu wa .223
Ndugu, umeuliza kama bunduki yako ya kwanza ya shabaha, uliyoinunua huko Texas ikiwa na maandishi ".223 Remington" kwenye mtutu (yaani aina ya risasi iliyotengenezewa), inaweza kutumia risasi za kijeshi za 5.56. Nakusihi usizitumie. Ingawa maganda yake yanafanana kwa umbo, chemba ya .223 (sehemu ya nyuma ya mtutu inayopokea risasi) ina nafasi fupi zaidi mbele ya kichwa cha risasi, hivyo shinikizo la gesi huweza kupanda kupita kiasi. Chemba ya 5.56, kwa upande wake, hupokea zote mbili. Hatari zaidi ni .300 Blackout, aina nyingine ya risasi yenye kichwa kinene kuliko tundu la mtutu huo, ambayo huweza kuingia humohumo na kuipasua bunduki ikiwa shavuni mwako. Soma maandishi ya kitako cha kila ganda, wala usichanganye maboksi mezani.