Wenzangu wa kuchora wameninunia kwa sababu ya akili bandia

Ndugu yangu, umeuliza kama wenzako wa kuchora pale bustani ya Arboretum, Nairobi, wana wivu tu, kwa kukuita mwizi ulipowaletea picha ya matatu uliyoitengeneza kwa akili bandia. Sidhani ni wivu. Programu hizo zimefunzwa kwa picha nyingi mno zilizozolewa intanetini, wenyewe hawakuulizwa. Mtu aliyekesha akijifunza kutia kivuli kwenye bodi ya nganya, yaani matatu iliyorembwa, lazima aumie. Na Nairobi tuna kidonda chetu: Januari 2023 jarida la Time liliripoti kwamba wafanyakazi wa hapa walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya ukatili ili ChatGPT ijifunze kuyaepuka. Huenda mmoja wa wenzako hao wa kuchora ana jamaa aliyeifanya kazi hiyo.

Ila kukuita mwizi mbele ya watu, hapo walikosea. (Mimi huitumia akili bandia kutafuta rangi zinazopatana, na sioni aibu.) Jumamosi nenda na penseli. Sema wazi picha ile ilitoka wapi, kisha uulize kama kazi za namna hiyo zinaweza kuonyeshwa zikitajwa zilivyotengenezwa. Wakikataa kabisa, kikundi ni chao. Ichore matatu yako kwa mkono.