Mwanangu, usiikimbie Walawi

Mwanangu mpendwa,

Bwana Yesu asifiwe. Ujumbe wako nimeupata. Unasema ratiba ya kumaliza Biblia kwa mwaka imekufikisha Walawi na hapo umekwama: dhabihu, ukoma, vyakula najisi. Unauliza, "Baba, haya yananihusu nini mimi ninayeamkia ofisini Dar es Salaam?"

Ratiba hiyo ina haraka mno. Biblia ina sura 1,189. Ili uzimalize kwa mwaka lazima usome zaidi ya tatu kila siku, na Neno la kukimbizana nalo halikai moyoni. Punguza mwendo. Kaa na sura ya 19 hata wiki nzima.

Mstari wa 13 unasema: "Ujira wake aliyeajiriwa usikae kwako usiku hata asubuhi." Mstari huu ndio unaoniongoza kila msimu wa kahawa. Umekulia hapa Kilimanjaro, unajua hali ilivyo. Tunapeleka kahawa kwenye chama cha ushirika, malipo yanakuja baadaye, pengine baadaye sana. Ni rahisi kumwambia kibarua, "Subiri na mimi nilipwe." Wengi husema hivyo na hakuna anayewashangaa. Lakini Kumbukumbu la Torati 24:15 inatoa sababu: huyo ni maskini, na moyo wake unautumaini ujira ule. Jioni ile ile ana unga wa kununua. Basi kabla ya msimu mimi na mama yako tunauza mbuzi, fedha za vibarua tunaziweka kando. Zikiwa kidogo tunaita watu wachache, kahawa iliyobaki tunachuma wenyewe hadi giza liingie. Ni mzigo, sikufichi. Ila nikipiga magoti usiku, sijalalia jasho la mtu.

Sasa shuka mistari mitano tu, mpaka wa 18: umpende jirani yako kama nafsi yako. Amri ambayo Yesu aliiita ya pili, inayofanana na ile iliyo kuu, imetoka humo humo Walawi, kati ya habari za ujira, mizani ya haki na masazo wanayoachiwa maskini shambani. Tunapenda kuihubiri peke yake, nami naona tunaipunguzia nguvu. Pale ilipoandikwa, kumpenda jirani ni pamoja na kumlipa leo.

Wewe huna shamba, lakini unaye yule binti anayekulelea mtoto. Je, mshahara wake anaupata tarehe mliyokubaliana, au mpaka akukumbushe? Naye akikukumbusha, anaongea kwa uhuru au anaogopa? Anzia hapo mwanangu, mwezi huu huu.

Kisha soma Ruthu sura ya 2, umwone Boazi akiitii sheria hiyo ya masazo, na mjane wa Moabu akirudi kwa mkwewe na shayiri. Nipigie Jumapili baada ya ibada tuizungumze. Mama yako anakusalimu sana, na mjukuu wetu umkumbatie kwa niaba yetu.

Ni mimi baba yako.