Usimuulize anakunywa ngapi, muulize analala namna gani

Bandugu zangu wa Goma, wa chukudu (ile baiskeli ya mbao ya kubebea mizigo), wa moto yaani pikipiki, wa kubeba mizigo kule mtaa wa Birere, naandika hii juu yenu maana mi ni wenu. Nilisukuma chukudu miaka mingi, viazi na mashu (kabichi) kutoka Kibumba, kilometa karibu 30 kushuka mpaka mjini, na kanyanga, ile pombe kali ya kienyeji, nilianza kuikunywa kila siku tangu 2013, asubuhi kabla ya chai.

Wote waliokuja kunishauri walianzia kwa pombe. Mchungaji, shemeji, mukubwa wa avenyu, kila mutu acha pombe acha pombe unaharibu nyumba. Walikuwa na haki. Lakini hakuna hata mmoja aliniuliza, usiku unalala? Maana kanyanga sikuwa naipenda, inaunguza koo, nilikuwa nakunywaka ili nilale bila kuota. Mwisho wa 2012, wakati wa vita, watu wenye silaha walitukamata njiani wakatubebesha masanduku siku 4 porini, na mwenzetu mmoja alichoka akakaa chini, hakuinuka tena. Wakaniambia mzigo wake niuongeze juu ya wangu. Niliuchukua. Hilo neno, niliuchukua, ndilo nilikuwa nalifunika na pombe miaka 7.

Bibi yangu, mke wangu, alijifunza kuniamsha na mti wa ufagio, akisimama mlangoni, maana ukinigusa ndani ya usingizi mkono unaruka wenyewe na siku moja ulimfikia. Watoto nao walijua, papa akilala hakuna kupita karibu. Moto ikipasua ekzosi barabarani najikuta nimelala chini pembeni ya mzigo, watu wanasema huyu amelewa, na kweli pombe ilikuwa mwilini, lakini kilichoniangusha ilikuwa ule mlio. Kumbe huo ni ugonjwa unaojulikana, unatibika, mwili umebaki kule porini unangoja risasi ingine na kichwa hakiwezi kuushawishi kwamba imeisha.

Sasa sikilizeni kwa makini hapa. Kama unakunywa kila asubuhi, mikono inatetemeka mpaka upate kakopo ya kwanza, usiache ghafla peke yako ndani ya nyumba. Mi nilifanya hivyo, nilitaka kumuonyesha bibi kwamba mi ni mwanaume, siku ya pili jasho na kutetemeka, siku ya tatu nikaanguka kama mwenye kifafa. Watu wanakufaka hivyo. Nenda kwa muganga wa hospitali, mwambie kiasi chenyewe bila kupunguza, watakupa dawa za kushusha polepole. Hapa Goma kuko Tulizo Letu, Bukavu kuko Sosame, ni vituo vya afya ya akili, na kufika pale hakumaanishi wewe ni kichaa, hilo neno la mtaani lifie mtaani.

Na kuna mahali nilifika kwanza mlangoni wakaniambia hapa ni kwa wanawake. Sikasiriki, mama zetu na dada zetu walipata mateso makubwa na msaada ule ni haki yao, lakini nilirudi kwa mguu mpaka nyumbani nikakunywa siku 3. Wanaume pia walibakwa katika hivi vita, najua ninachosema, na mwanaume aliyefanyiwa hivyo ndiye wa mwisho kufungua mdomo. Kama ni wewe, na kama ni juzi tu, usingoje, ndani ya saa 72 kuna dawa ya kuzuia virusi vya ukimwi. Ikiwa ni zamani, nenda vilevile. Mlango mmoja ukifungwa gonga ingine.

Tiba yenyewe haikuwa vile nilifikiri. Mama mmoja mshauri alilaza kamba chini, akasema hii ni maisha yako, upande huu umezaliwa. Maua kwa mazuri, mawe kwa mabaya. Goma mawe hayakosi, nilitoka inje nikaokota ya lava, kadogo kwa Januari 2002 wakati volkano iliunguza nyumba ya wazazi, ua kwa chukudu yangu ya kwanza, ua kwa bibi. Halafu ile siku ya porini. Nilileta jiwe la kubeba na mikono miwili. Kuko na vijiti pia, kwa wale waliokuwa ndani ya vikundi vya silaha, kijiti ni ubaya wewe mwenyewe ulifanya, kwa hiyo nanyi mliokuwa bakadogo, watoto wa kubeba bunduki, mna nafasi pale pale. Kisha unasimulia kutoka mwanzo, polepole, miguu ilikanyaga nini, kulikuwa na harufu gani, yeye anaandika, wiki ijayo anakusomea, unarudia tena. Mwanzoni nilizidi kuwa mbaya, ndoto ziliongezeka, nilitaka kukimbia, mwambieni bibi zenu mapema kwamba wiki za kwanza zitakuwa hivyo.

Januari 2025 vita ilipoingia mjini nilikunywa tena siku mbili. Siku ya tatu sikuwa na mahali pa kwenda, barabara zimefungwa, basi nikakaa na bibi nikamsimulia ile ya porini yote kama nilivyofundishwa, naye akasikiliza huku tunasikia mabomu.

Ukiwa na rafiki anayekunywa hivi, usimhubirie. Mkae pamoja mkitengeneza gurudumu, muulize analala namna gani, na akijibu usiharakishe kusema kitu. Halafu msindikize. Mi nisingeingia peke yangu, mukubwa wangu alinifikisha mpaka mlangoni, akakaa inje juu ya jiwe saa nzima na jua lile, nilipotoka hakuniuliza niliambia nini mule ndani, alininunulia tu chapati na chai.