Maswali na Majibu: Kwa Nini Wajerumani Hudai Waulizwe Kwanza

Barua nyingi za mwezi huu zinahusu jambo moja: msimamo wa Wajerumani pale teknolojia, sheria na burudani vinapokutana. Nimechagua tano.

Kila ninapojadiliana na wenzangu wa Ujerumani kuhusu programu mpya ya simu, swali lao la kwanza ni data zinakwenda wapi. Je, wana kitu cha kuficha? (Msomaji, Nairobi)

Hapana, ndugu msomaji, na ninakuomba uliache swali hilo la "kitu cha kuficha", kwa sababu ndilo hasa linalowaudhi. Kwao, anayepaswa kujieleza ni yule anayetaka kujua habari za mwenzake, si yule anayezihifadhi. Jimbo la Hesse lilitunga sheria ya kulinda data mwaka 1970, ya kwanza ya aina yake duniani, wakati kompyuta moja ilikuwa bado inajaza chumba kizima.

Kisha ikaja sensa. Serikali ya Ujerumani Magharibi ilipanga kuhesabu watu tarehe 27 Aprili 1983, na sheria yake iliruhusu majibu ya wananchi yalinganishwe na daftari la wakazi, yaani habari iliyotolewa kwa ajili ya takwimu ingeweza kutumika kurekebisha kumbukumbu za mtu mmoja mmoja serikalini. Wananchi walikwenda mahakamani. Mahakama ya Katiba iliyoko Karlsruhe iliisimamisha sensa wiki mbili kabla ya siku yenyewe, na tarehe 15 Desemba 1983 ikatoa hukumu kwamba kila mtu ana haki ya kuamua mwenyewe habari zake zitolewe lini na zitumike kwa lipi. Watu walihesabiwa mwaka 1987, baada ya sheria kuandikwa upya.

Msingi wa hukumu hiyo ni Ibara ya 1 ya katiba ya 1949, inayosema kwamba utu wa mtu haugusiki. Sisi tuliolelewa na neno "utu" hatuhitaji maelezo marefu hapo. Walioiandika ibara hiyo walikuwa wametoka chini ya Manazi, ambao walitumia orodha na kadi za wakazi kuwasaka Wayahudi. Na upande wa Mashariki, idara ya usalama iliyoitwa Stasi iliacha nyaraka ambazo zikipangwa rafuni zinafika takriban kilomita 111. Mtu ambaye bibi yake alifungua jalada lake mwenyewe na kukuta humo maneno ya jirani hawezi kuliona swali la data kuwa dogo. Hata Sheria ya Kulinda Data ya Kenya ya mwaka 2019 imefuata kwa karibu kanuni ya Ulaya ya 2016, kwa hiyo swali la wenzako ni lako pia.

Niliweka mtandaoni picha za harusi ya binti yangu hapa Hamburg. Jirani Mjerumani, niliyemwalika mwenyewe na akala pilau pamoja nasi, amenitaka niiondoe picha yake. Nimeumia. (Mama wa bibi harusi)

Pole, mama yangu. Naelewa kwamba kwetu picha ya mgeni ni ushahidi kwamba alikuja kukuheshimu, lakini naamini jirani huyo hakukusudia kukudharau. Anadai haki iliyozaliwa karibu sana na hapo mnapoishi. Otto von Bismarck, kansela wa zamani, alifariki usiku wa tarehe 30 Julai 1898 huko Friedrichsruh, nje kidogo ya Hamburg. Usiku uleule wapiga picha wawili waliingia chumbani kwa kupitia dirishani, wakaipiga picha maiti kitandani kwa nia ya kuiuza. Familia ilishtaki na ikashinda, ila mahakama ililazimika kuegemea kosa la kuingia nyumbani kwa mtu bila ruhusa, kwa kuwa hapakuwa na sheria iliyolinda sura ya mtu. Pengo hilo lilizibwa mwaka 1907, na kifungu kilichotungwa wakati huo kinatumika hadi leo: picha ya mtu haisambazwi bila ridhaa yake.

Ipo misamaha, kama vile picha za matukio ya kihistoria, za maandamano, au za mandhari ambamo mtu ameonekana kwa bahati tu. Harusi ya nyumbani haimo. Iondoe picha hiyo au mfunike uso, umwambie umeiondoa, na katika sherehe ijayo waeleze wageni tangu kwenye kadi ya mwaliko kwamba picha zitawekwa mtandaoni.

Chumbani kwangu sina televisheni wala redio. Kwa nini nadaiwa ada ya utangazaji? (Mwanafunzi, München)

Kwa sababu tangu tarehe 1 Januari 2013 ada hiyo hutozwa kwa makazi, si kwa chombo. Tangu 2021 ni euro 18.36 kwa mwezi. Mkiishi watatu katika nyumba moja mnalipa ada moja, na mwanafunzi anayepokea msaada wa serikali uitwao BAföG bila kuishi kwa wazazi anaweza kuomba asamehewe. Omba mapema, usiache barua zirundikane.

Gemu ya vita niliyonunua hapa inaonyesha alama za Manazi, lakini ya rafiki yangu aliye Berlin zimefutwa. Je, Wajerumani wanaficha historia yao? (Msomaji, Arusha)

Hawaifichi. Katikati ya Berlin, hatua chache kutoka Bunge, tangu 2005 yamesimama mawe 2,711 ya zege kuwakumbuka Wayahudi waliouawa. Kinachokatazwa na kifungu cha 86a cha Sheria ya Adhabu ni kuzionyesha hadharani alama za vyama vilivyopigwa marufuku, isipokuwa kwa ajili ya sanaa, elimu au kueleza historia. Filamu zilinufaika na msamaha huo kwa miaka mingi, ilhali gemu hazikuhesabiwa kuwa sanaa. Mwaka 2017 gemu ya Wolfenstein II iliuzwa Ujerumani Hitler akiwa hana masharubu wala jina lake. Naona lilikuwa kosa zito, kwa maana adui aliyenyimwa jina hamfundishi kijana jambo lolote. Tangu Agosti 2018 chombo kinachopanga umri wa wachezaji, USK, hupima kila gemu peke yake, na msamaha wa sanaa unaweza kutumika.

Mimi ni mtayarishaji wa muziki. Nikikata sekunde mbili za wimbo wa zamani na kuzirudiarudia, je, kwa sheria ya Ujerumani nimeiba? (Msomaji, Dar es Salaam)

Sekunde mbili hizo, ndugu yangu, zimewashughulisha majaji kwa zaidi ya miaka 20. Mwaka 1997 mtayarishaji wa muziki Moses Pelham alichukua takriban sekunde mbili za mdundo kutoka katika rekodi ya mwaka 1977 ya Kraftwerk, bendi ya Kijerumani ya muziki wa elektroniki, akazizungusha chini ya wimbo wa rapu wa Sabrina Setlur. Kraftwerk walishtaki. Mwaka 2016 Mahakama ya Katiba ilisema kwamba uhuru wa sanaa unaweza kuwa na uzito kuliko hasara ndogo ya mwenye rekodi. Mwaka 2019 Mahakama ya Ulaya iliyoko Luxembourg ikaamua kwamba hata kipande kifupi sana kinahitaji ruhusa, labda kiwe kimegeuzwa hadi sikio lisikitambue. Mwaka 2021 Ujerumani iliingiza katika sheria yake ruhusa ya dhihaka na uigaji wa kisanaa, na mwaka 2023 kesi ikarudishwa Luxembourg kuuliza uigaji huo una mipaka gani.

Mimi nasimama na majaji wa 2016. Muziki unaojengwa kwa vipande, kama singeli yetu, hauwezi kuishi ikiwa kila pigo la ngoma lina mlango wenye kufuli. Lakini kazi yako ikilenga soko la Ulaya, usijenge juu ya matumaini yangu. Kumbuka kwamba kuna haki mbili, ya mtunzi na ya mwenye rekodi, na kila moja inaombwa mahali pake. Haki ya rekodi inalinda sauti zilizonaswa siku ile studioni, kwa hiyo ukimwita mpiga ngoma akaupiga mdundo huo upya kwa mikono yake, hujaigusa. Itabaki haki ya mtunzi, nayo ndiyo utakayoulizia.