Safari ya Likizo Huhesabiwa kwa Kurudi Nyuma: Majibu kwa Wasomaji

SWALI: Mhariri, mimi na mume wangu tunakusudia kwenda na mtoto wetu Ufaransa kwa likizo ya wiki mbili, miezi minne kutoka sasa. Pasipoti yangu itakwisha muda wake miezi miwili baada ya siku tuliyopanga kurudi. Je, haitoshi, maadamu nitakuwa nimekwisha kurudi nyumbani? Wenzetu nao wanatuambia kwamba kuanza maandalizi sasa ni mapema mno.

JIBU: Haitoshi, dada yangu, na si mapema hata kidogo. Ufaransa imo katika eneo la Schengen, yaani kundi la nchi za Ulaya zenye masharti ya pamoja ya kuingia, ambako mgeni hutakiwa awe na pasipoti itakayoendelea kuwa hai kwa angalau miezi 3 baada ya siku atakayoondoka huko, na iliyotolewa katika miaka 10 iliyopita; nchi nyingine nyingi hudai miezi 6. Mara nyingi msafiri hukwama hata kabla hajapanda ndege, kwa kuwa shirika linalomsafirisha abiria asiye na hati kamili huweza kutozwa faini na kulazimika kumrudisha alikotoka.

Nimewahi kusimama kwenye foleni nyuma ya familia iliyokuwa imekwisha kupima masanduku yake yote manne. Mhudumu aliifungua pasipoti ya baba, akaweka kidole juu ya tarehe ya mwisho, akahesabu miezi kwa sauti ya chini, kisha akairudisha juu ya kaunta bila kutoa kadi ya kupandia ndege. Masanduku yakashushwa moja moja, watoto wakitazama. Sijaisahau siku ile, na ndiyo maana kila anayeniuliza humwambia aanze na tarehe ya kuondoka, halafu ahesabu siku akirudi nyuma hadi leo.

Kwenu ninyi, pasipoti mpya ndiyo ya kwanza, kwa sababu viza hubandikwa ndani yake. Ikiwa uraia wenu unadai viza, maombi hupokelewa kuanzia miezi 6 kabla ya safari na hayapaswi kuchelewa kupita siku 15 kabla yake. Uamuzi kwa kawaida hutolewa ndani ya siku 15, lakini unaweza kufika hadi siku 45. Maombi hayo huambatanishwa na bima ya safari yenye kinga isiyopungua euro 30,000. Wekeni nafasi za ndege, lakini msilipie tiketi isiyorejeshewa fedha mpaka viza itoke, na majina kwenye tiketi yafanane na ya pasipoti herufi kwa herufi.

SWALI: Tutasafiri na mama yangu mzazi, mwenye umri wa miaka 68, kwa zaidi ya saa kumi angani. Anatumia insulini na dawa za shinikizo la damu, na nchi tunayokwenda inadai chanjo ya homa ya manjano, ambayo hajawahi kuchanjwa. Tujiandaeje?

JIBU: Anza na chanjo. Cheti chake huanza kutambuliwa siku 10 baada ya kuchanjwa, na tangu Julai 2016 hudumu maisha yote. Hata hivyo, kwa mtu aliyevuka miaka 60 na anayechanjwa kwa mara ya kwanza, hatari ya madhara makubwa huongezeka, hivyo mpelekeni kwa daktari mapema, kwani anaweza kuandikiwa cheti cha kusamehewa chanjo badala yake. Ulizeni ubalozini kama kitakubaliwa.

Dawa zote ziwe kwenye begi la mkononi. Sanduku huweza kupotea, na insulini iliyoganda kwa baridi ya sehemu ya mizigo haifai tena hata ikiyeyuka. Kikomo cha mililita 100 kwa vimiminika hakizihusu dawa anazozihitaji safarini, ila zitajwe wakati wa ukaguzi. Zibaki katika maboksi yake, pamoja na barua ya daktari yenye majina ya kitaalamu, kwa maana majina ya kibiashara hubadilika kutoka nchi hadi nchi. Dawa za maumivu zichunguzeni kwa makini zaidi: katika Falme za Kiarabu, kwa mfano, kodeini na tramadoli hudhibitiwa na huhitaji kibali. Daktari awapangie pia saa za kudunga insulini kufuatana na tofauti ya saa, na mama asimame na kutembea kidogo kila baada ya muda, ili damu isigande miguuni.

SWALI: Nikifika ugenini na sanduku langu lisionekane, nifanye nini?

JIBU: Usitoke uwanjani kabla ya kuandikisha taarifa kwenye dawati la mizigo na kupewa nakala yenye namba. Chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1999, ambao ni makubaliano ya kimataifa kuhusu wajibu wa mashirika ya ndege kwa abiria na mizigo yao, dai la maandishi kuhusu sanduku lililoharibika huwasilishwa ndani ya siku 7 tangu kulipokea, na kuhusu lililochelewa ndani ya siku 21 tangu ulipokabidhiwa. Picha ya sanduku uliyoipiga kabla ya kuondoka itakusaidia sana kulieleza, na risiti za nguo na vitu vya lazima utakavyonunua ukisubiri zitunze zote, kwa kuwa hizo ndizo utakazodaia fidia.